Mwongozo Kamili: Namna ya Kutenganisha Hekaya na Ukweli katika Habari za Wapelelezi wa Kizungu

Wasomaji huniuliza mara kwa mara maswali ya aina moja. Je, ni kweli Ahmad ibn Majid ndiye aliyempeleka Vasco da Gama India? Je, ni kweli Stanley aliyatamka yale maneno mashuhuri alipokutana na Livingstone pale Ujiji? Je, Columbus alitaka kuwathibitishia watu kwamba dunia ni duara?

Wengi wanaouliza wamekwisha kujaribu kutafuta wenyewe, na wanakwama palepale. Wamekusanya kurasa kumi za mtandaoni zinazosema neno moja, wakazihesabu kuwa mashahidi kumi. Ukizifuatilia unakuta zote zimenakili kwa mmoja, na huyo mmoja naye hakuwepo.

Sitasimulia hapa historia ya safari hizo. Nataka ujue kuifanya kazi ya uchunguzi kwa mikono yako. Tutashika dai moja tangu mwanzo hadi mwisho: "Ahmad ibn Majid alimwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi hadi India mwaka 1498." Nimelichagua kwa sababu linawagusa watu wa pwani yetu, limerudiwa katika vitabu vya shule na vya watalii kana kwamba mjadala umefungwa, na maandiko yake mengi yanasomeka bila malipo. Njiani tutachomoa mifano mingine pale inapofundisha zaidi.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Daftari au jedwali la kompyuta lenye safu tano: kipande cha dai, andiko la zamani zaidi linalokitaja, mwaka wa andiko hilo, kama mwandishi alikuwepo, na hukumu yako. Safu ya mwisho iache wazi mpaka hatua ya saba.
- Intaneti. Vitabu vingi vya safari vya karne ya 19 na tafsiri zake vimekwisha muda wa hakimiliki, na vinapatikana Internet Archive na Google Books. Kwa habari za Livingstone, tovuti ya Livingstone Online ina picha za hati zake kwa mwandiko wa mkono wake.
- Maandiko mawili yasiyotegemeana, angalau. La pili likiwa limenakili la kwanza, bado una moja.
- Kikokotoo cha kubadili mwaka wa Hijria kuwa wa Miladia. Kipo bure mtandaoni.
- Ramani ya Bahari ya Hindi inayoonyesha njia za kusi na kaskazi.
- Mtu anayesoma Kireno au Kiarabu, ukimpata. Programu za tafsiri zinakusaidia kuupata ukurasa unaoutafuta, lakini usitoe hukumu kwa kutegemea tafsiri ya mashine peke yake.

Tenga jioni kadhaa. Kazi hii haimalizwi ukiwa kwenye foleni ya benki.

## Hatua ya 1: Liandike dai, kisha livunje vipande

Andika dai lote kwa sentensi moja. Halafu likate vipande vidogo, kila kimoja kiwe kitu kinachoweza kuwa kweli au uongo peke yake. Dai letu linatoa hivi:

1. Vasco da Gama alifika Malindi mwaka 1498.
2. Mfalme wa Malindi alimpa rubani wa bahari.
3. Rubani huyo aliufikisha msafara wa da Gama India.
4. Rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid.

Wasimulizi wengine huongeza cha tano: kwamba rubani alileweshwa ndipo akaitoa siri ya njia.

Kwa nini tunavunja? Kwa sababu hekaya haisimami peke yake. Hujibanza katikati ya mambo ya hakika, ikapewa imani kwa sababu ya jirani zake. Mtu akishajiridhisha na cha kwanza, cha pili na cha tatu, cha nne anakimeza bila kutafuna.

Tahadhari: usiulize "hadithi hii ni kweli au uongo?" Swali hilo ndilo linalowaangusha wengi, kwani jibu lake karibu kila mara ni "baadhi".

Umemaliza hatua hii ikiwa hakuna kipande kwenye daftari lako chenye neno "na" linalounganisha mambo mawili.

## Hatua ya 2: Rudi nyuma mpaka kwenye andiko la zamani zaidi

Hapa ndipo penye kazi kubwa. Chukua kila kipande, uulize: nani alikuwa wa kwanza kuliandika hili? Anza na kitabu ulicho nacho, tazama kimelitoa wapi, nenda huko, endelea kurudi nyuma mpaka ufike kwa mwandishi ambaye nyuma yake hakuna mwingine.

Ukifanya hivyo kwa dai letu, utapata ngazi hizi.

Kitabu cha safari chenyewe. Kuna kumbukumbu iliyoandikwa na mtu aliyekuwemo ndani ya meli za da Gama. Jina lake halimo kwenye hati, ila wanahistoria wengi huitaja kuwa ya Álvaro Velho. Nakala iliyobaki ipo katika maktaba ya mji wa Porto, Ureno, na ilichapwa kwa mara ya kwanza mwaka 1838. Inasema walitia nanga karibu na Malindi katikati ya Aprili 1498, mfalme akawapelekea rubani, wakang'oa nanga tarehe 24 Aprili, na tarehe 20 Mei wakawa mbele ya pwani ya Calicut, India. Jina la rubani haikulitaja. Inasema tu kwamba alikuwa rubani Mkristo, na kwamba walimfurahia.

Waandishi wa Kireno wa katikati ya karne ya 16. Fernão Lopes de Castanheda, aliyechapa mwaka 1551, na João de Barros, aliyechapa mwaka 1552, wanampa rubani jina. Kwa Castanheda ni Canaca, kwa Barros ni Malemo Cana. Wote wawili wanasema alikuwa mtu wa Gujarat. Hilo "Malemo" si jina la mtu. Ni mwalimu, cheo walichoitwa waongozaji wa vyombo katika Bahari ya Hindi.

Qutb al-Din al-Nahrawali, mwanazuoni wa Makka, aliandika kwa Kiarabu habari za Waturuki kuiteka Yemen. Humo, zaidi ya miaka 70 baada ya safari ya da Gama, ndimo linamotokea jina la Ahmad ibn Majid, pamoja na ile habari ya kuleweshwa.

Gabriel Ferrand, mtaalamu Mfaransa wa miaka ya 1920, aliunganisha maneno ya al-Nahrawali na habari za Wareno, akahitimisha kwamba Malemo Cana na Ibn Majid ni mtu mmoja. Kutoka kwake jambo likasambaa kwenye vitabu vya shule, vya watalii, na sasa mtandaoni.

Tazama kilichotokea. Vipande vitatu vya kwanza vinashika mpaka kwa mtu aliyekuwemo chomboni. Cha nne kinakatikia kwa mtu aliyeandika Makka miongo saba baadaye.

Columbus naye ukimfanyia hivi utashangaa jinsi njia inavyokatika upesi. Habari kwamba mabwana wa zama zake waliamini dunia ni bapa, naye akasimama peke yake kuwapinga, ilienezwa zaidi na mwandishi Mmarekani Washington Irving katika kitabu cha mwaka 1828. Nyuma ya hapo unakuta kinyume chake. Aristotle alikwisha kutoa hoja za uduara wa dunia karne nyingi kabla ya Kristo, Eratosthenes akapima mzingo wake, na vyuo vya Ulaya vilikuwa vikifundisha elimu hiyo tangu karne ya 13. Wataalamu waliompinga Columbus walibishana naye juu ya umbali, na wao ndio waliokuwa sahihi. Yeye alidhani kutoka Visiwa vya Kanari hadi Japani ni kama kilomita 4,400. Umbali wenyewe unazidi kilomita 19,000. Sehemu ya kosa lake ilitokana na kuchukua vipimo vya al-Farghani, mnajimu aliyeandika kwa Kiarabu, na kuzihesabu maili zake kama maili za Kirumi, ambazo ni fupi.

Tahadhari mbili. Kwanza, "kitabu cha zamani" si lazima kiwe cha wakati wa tukio. Kitabu cha 1890 kuhusu mambo ya 1498 kiko mbali na tukio karibu sawa na mimi na wewe. Pili, uliza kama andiko ulilonalo ni lenyewe au ni nakala. Shajara ya safari ya kwanza ya Columbus imepotea. Tunayoisoma leo ni muhtasari aliouandika padri Bartolomé de las Casas. Ukinukuu humo, unamnukuu Columbus kupitia mkono wa mtu mwingine.

Umefika ikiwa kila kipande kina jina la mwandishi na mwaka, na unaweza kusema waziwazi: hapa ndipo njia inapoishia.

## Hatua ya 3: Mpime shahidi

Umempata shahidi wa kwanza. Sasa mhoji maswali manne: Alikuwepo? Aliandika lini? Alimwandikia nani? Alipata faida gani habari ikiwa hivi na si vile?

Tuwapitishe mashahidi wetu. Mwandishi wa kumbukumbu ya safari alikuwepo. Castanheda hakuwepo, ila aliishi India miaka mingi na kuwahoji watu. Barros hakufika India kabisa, lakini alifanya kazi katika ofisi ya serikali iliyosimamia biashara ya huko, na makaratasi yalipita mezani kwake. Al-Nahrawali hakuwepo, aliandika akiwa mbali, na alikuwa na jambo zito la kuwaeleza wasomaji wake: iliwezekanaje Wafaranji, yaani Wazungu, wakaingia katika bahari ya Waislamu? Mwongozaji hodari aliyelewa ni jibu linaloituliza nafsi ya msomaji wa namna hiyo. Hilo peke yake halimfanyi kuwa mwongo. Linatufanya tumwombe shahidi wa pili, na shahidi wa pili hapatikani.

Mfano unaoonyesha hatua hii vizuri kuliko yote ni wa David Livingstone pale Nyangwe, kwenye mto Lualaba, katika Maniema ya Kongo ya leo. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki kutoka kambi za wafanyabiashara walifyatua risasi sokoni, na watu wengi, wanawake wengi miongoni mwao, wakauawa kwa risasi au kuzama mtoni. Habari hii ilipofika Uingereza iliwatikisa watu na kutia nguvu vita dhidi ya biashara ya utumwa.

Tunayo masimulizi ya Livingstone kwa tabaka tatu. La kwanza ni daftari la papo kwa papo. Karatasi zilikuwa zimemwishia, akaandika juu ya gazeti kuukuu kwa wino aliotengeneza kwa mbegu za mmea wa hapohapo. La pili ni shajara aliyonakili baadaye kwa utulivu. La tatu ni kitabu kilichochapwa mwaka 1874, yeye akiwa ameshafariki, kikiwa kimehaririwa na rafiki yake Horace Waller.

Kwa zaidi ya karne ulimwengu ulisoma la tatu, kwani wino wa daftari la kwanza ulikuwa umefifia hata hausomeki. Mwaka 2011 watafiti walitoa matokeo ya kulipiga picha kwa mianga ya rangi mbalimbali, na maneno yakajitokeza. Ndipo ikaonekana kwamba aliponakili alibadilisha mambo, hasa yaliyohusu mwenendo wa watu wa msafara wake mwenyewe. Mauaji yalitokea, hilo halina shaka. Lakini shahidi mmoja, aliyekuwepo kwa macho yake, alisimulia tofauti alipopata muda wa kufikiri nani atamsoma.

Kwa hiyo, mtu akikuambia "Livingstone mwenyewe anasema", muulize: wapi? Katika daftari, katika shajara, au katika kitabu?

Na yale maneno ya Ujiji, "Dr Livingstone, I presume?" Chanzo chake ni Stanley peke yake, katika habari alizopeleka gazetini na kitabu alichochapa mwaka 1872. Livingstone, aliyeandika kwa furaha jinsi mtumishi wake Susi alivyomjia mbio kumwambia kuna Mwingereza amefika, hakuyataja. Kurasa za shajara ya Stanley zilizohusu dakika hizo zimechanwa. Hata siku yenyewe inagongana: Stanley anasema 10 Novemba 1871, hesabu ya Livingstone inaangukia Oktoba. Kwamba walikutana ni hakika kabisa. Maneno yenyewe yana shahidi mmoja, na shahidi huyo alikuwa mwandishi wa habari aliyehitaji kuuza habari.

Tahadhari: usimkatae mtu kwa sababu tu alikuwa na masilahi. Kila shahidi anayo. Masilahi yanakuelekeza pa kumkazia macho.

## Hatua ya 4: Soma maneno kwa maana ya siku ile

Kumbukumbu ya safari inasema rubani wa Malindi alikuwa Mkristo. Barros anasema alikuwa Mwislamu wa Gujarat. Nani kakosea?

Kabla ya kujibu, soma kurasa zinazozunguka sentensi hiyo. Wareno walikuja wakiwa na imani kwamba mahali fulani huku kuna mfalme mkuu Mkristo, Prester John. Walipokuwa Msumbiji waliambiwa yuko si mbali, na mwandishi anasema walilia kwa furaha. Walipofika Calicut waliingizwa katika hekalu la Kihindu, wakalidhani kanisa. Mwandishi anaeleza kwamba "watakatifu" waliochorwa ukutani walikuwa na meno yaliyotokeza na mikono minne au mitano kila mmoja, na bado anawaita watakatifu.

Mwandishi wa namna hii akikuambia "Mkristo", anachokijua ni kimoja: kwamba huyo mtu hakumwona kuwa Mwislamu. Rubani huenda alikuwa Mhindu wa Gujarat. Neno moja likisomwa kwa maana ya leo linaweza kuzaa hekaya mpya kabisa, ya rubani Mkristo wa Malindi.

Kwa nini ukurasa mzima? Sentensi iliyonukuliwa peke yake imekwisha kung'olewa mizizi. Soma kurasa tano kabla na tano baada. Ukiweza kueleza mwandishi alimaanisha nini kwa kutumia mifano ya humohumo kitabuni, endelea mbele.

## Hatua ya 5: Mtafute aliyekuwa upande wa pili

Safari za wapelelezi zilikuwa na wapagazi, wakalimani, wenyeji na wafanyabiashara, na baadhi yao waliacha maneno yao. Wengi hawafiki hatua hii kwa sababu wanadhani upande huo hauna maandishi. Yapo.

Anza na Tippu Tip. Hamed bin Muhammed el Murjebi alieleza maisha yake kwa Kiswahili, kwa maneno yake mwenyewe, na yamechapwa. Aliwafahamu Livingstone, Cameron na Stanley. Unaweza kuchukua tukio moja katika kitabu cha Stanley na kuliweka kando ya simulizi la Tippu Tip bila kuhitaji mkalimani, bahati ambayo msomaji wa London hana.

Mpime naye kwa maswali manne ya hatua ya tatu, kwa mizani ileile. Alikuwa mfanyabiashara wa pembe na watumwa akieleza maisha yake uzeeni. Kuwa mwenzetu katika lugha hakumwondolei masilahi.

Pengine maneno ya wenyeji yamo ndani ya vitabu vya Wazungu wenyewe, ukisoma kwa makini. Kabla Speke hajafika Mwanza tarehe 3 Agosti 1858 na kuliona Ziwa Viktoria, Snay bin Amir, mfanyabiashara Mwarabu aliyekaa Kazeh, Tabora ya leo, alikuwa amewaeleza Burton na Speke kwamba liko kaskazini. Mapema zaidi wamisionari Erhardt na Rebmann walichora ramani yenye ziwa kubwa ndani ya bara kwa kutegemea habari za watu wa misafara. Speke alifuata maelezo, na aliyaandika maelezo hayo. Fuatilia pia jina la Sidi Mubarak Bombay. Utamkuta na Burton na Speke, kisha na Grant, na Stanley, na Cameron.

Kwa dai letu, aliye upande wa pili ni Ibn Majid mwenyewe. Alikuwa mtu wa Julfar, katika Ras al-Khaimah ya leo, bingwa wa elimu ya bahari, na kitabu chake kikuu cha uongozaji vyombo ni cha mwaka 895 Hijria, yaani 1489 au 1490. Katika kazi zake zinazojulikana hakuna mahali anaposema aliwaongoza Wareno kutoka Malindi. Kimya hakithibitishi kitu peke yake. Lakini kiweke pamoja na Castanheda na Barros wanaomtaja mtu wa Gujarat, ilhali Ibn Majid alikuwa Mwarabu wa Ghuba, na mizani inaanza kulala upande mmoja.

## Hatua ya 6: Pitisha habari kwenye kalenda, ramani na upepo

Mashahidi wakishasema, iulize bahari. Da Gama aliondoka Malindi mwishoni mwa Aprili, kusi inapoanza kushika, na kuvuka kwa chini ya siku 30. Wakati wa kurudi aliondoka pwani ya India mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi haijatulia. Safari hiyo ilichukua karibu miezi mitatu. Mabaharia wengi walikufa kwa kiseyeye, na baada ya kufika upande wetu walilazimika kuichoma meli ya São Rafael kwa kukosa watu wa kuiendesha.

Hapa tunapata kitu cha hakika: ujuzi wa misimu ya pepo, ambao watu wa Bahari ya Hindi walikuwa nao kwa karne nyingi, ulikuwa na uzito wa uhai na kifo. Usivute zaidi ya hapo. Upepo unakuambia kulikuwa na faida ya kuondoka Aprili. Jina la rubani haukuambii.

Mambo ya kuangalia katika hatua hii:

- Kalenda. Tarehe za Wazungu kabla ya 1582 ni za kalenda ya Juliasi. Mwaka wa Hijria karibu kila mara huingia katika miaka miwili ya Miladia, kwa hiyo andika yote miwili.
- Vitu vyenyewe. Ramani ya Vinland, iliyotangazwa na Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1965 kama ya karne ya 15, ilipatikana na titani katika wino wake, ya aina iliyoanza kutumika katika karne ya 20. Mwaka 2021 Yale wenyewe walitangaza ni ya kughushi. Hata hivyo watu wa Skandinavia walifika Amerika ya Kaskazini kweli. Mabaki ya makazi yao yapo L'Anse aux Meadows, Kanada. Ushahidi bandia haufuti tukio la kweli.
- Uwezekano. Usikatae jambo kwa sababu tu linasikika geni. Rebmann aliiona theluji ya Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, na mwenyeji aliyemwongoza alikwisha kuujua ule weupe kwa baridi yake. Mwanajiografia William Desborough Cooley, aliyekaa London, alikataa katakata kwamba kunaweza kuwa na theluji karibu na ikweta.

## Hatua ya 7: Toa hukumu, kipande kwa kipande

Sasa jaza ile safu ya mwisho. Tumia ngazi nne: imethibitika, inaelekea kuwa kweli, haijathibitika, si kweli. Daftari letu linasomeka hivi:

- Da Gama alifika Malindi Aprili 1498: imethibitika.
- Mfalme wa Malindi alimpa rubani: imethibitika. Shahidi aliyekuwemo chomboni, na waandishi wa baadaye wanakubaliana.
- Rubani aliwafikisha India: imethibitika.
- Rubani alikuwa mtu wa Gujarat: inaelekea kuwa kweli.
- Rubani alikuwa Ahmad ibn Majid: haijathibitika, na ushahidi uliopo unaelekea kinyume. Hivi ndivyo wataalamu wengi wa leo wanavyoona.
- Alileweshwa: haijathibitika. Shahidi mmoja, mbali kwa miaka na kwa mahali.

Tahadhari kubwa kuliko zote katika mwongozo huu: ukishaivunja hekaya ya Wazungu, usiweke yetu mahali pake. Naliona hili likifanywa na watu wenye nia njema kabisa, na linaniumiza kwa sababu linaharibu kazi iliyofanywa vizuri. Mtu anakataa kwamba Columbus alikuwa wa kwanza kufika Amerika, na hapo yuko sawa, kisha anaandika kwamba meli za China za Zheng He zilifika huko mwaka 1421. Hakuna ushahidi. Kwamba ujumbe wa Malindi ulipeleka twiga China mwaka 1415 kumeandikwa katika kumbukumbu za Wachina za wakati huo. Hilo lichukue kwa mikono miwili, lile liache. Vivyo hivyo mfalme wa Mali aliyeingia bahari ya Atlantiki na merikebu nyingi. Al-Umari aliiandika habari hiyo kama ilivyosimuliwa na Mansa Musa, kwa hiyo simulizi ni la kweli na la zamani. Kufika ng'ambo hakujathibitika.

Ujaribu uaminifu wako hivi: andika chini ya kila hukumu ni ushahidi gani ungekufanya uibadilishe. Kwa Ibn Majid, barua ya mtu aliyekuwepo Malindi mwaka 1498 inayomtaja kwa jina ingetosha. Ukikuta huwezi kuandika chochote, umeamua kwa moyo, rudi hatua ya tatu.

## Ukikwama

*Andiko la kwanza halipatikani.* Andika jina la mwandishi wa zamani zaidi uliyemfikia, na usipandishe hukumu zaidi ya "haijathibitika".

*Mashahidi wawili waliokuwepo wanapingana.* Usichague unayempenda. Andika wanapokubaliana kama jambo la hakika, na wanapopishana kama tofauti, kama tulivyofanya na tarehe ya Ujiji.

*Dai limetokea kuwa kweli lakini aliyelitoa hakuwa na uthibitisho.* Speke alitangaza ziwa aliloliona ni chanzo cha Nili, hali alikuwa ameona ncha yake ya kusini tu. Alipatia, lakini ilibidi Stanley alizunguke ziwa hilo kwa mashua mwaka 1875 ndipo picha ikae sawa. Andika vitu viwili: alichokidai mwaka 1858, na kilichothibitishwa baadaye.

## Dai la kujifanyia mazoezi

"Magellan alikuwa mtu wa kwanza kuizunguka dunia." Livunje. Anza na shajara ya Antonio Pigafetta, aliyekuwemo katika msafara na kurudi hai. Tazama kilichotokea Mactan, Ufilipino, tarehe 27 Aprili 1521. Kisha mtafute Juan Sebastián Elcano na wenzake 17 waliofika Hispania na meli ya Victoria Septemba 1522. Usifunge daftari kabla ya kumfuatilia Enrique, mtumwa wa Magellan aliyechukuliwa Malaka, upande uleule wa dunia ambako msafara ulikuwa ukielekea. Mwandikie safu yake mwenyewe, na uangalie Pigafetta anaachia wapi kumtaja.